Majani Waliyoyafukia

Jumatatu, 17 Februari

Kigingi hakipo. Nilikichomeka Jumamosi nyuma kidogo ya ukingo wa korongo. Leo asubuhi nimekwenda bandani na ndoo ya pumba, nikageuza shingo kukitafuta. Hakuna. Kimeliwa pamoja na udongo wake. Ukingo mwekundu, mbichi, maji bado yanachuruzika.

Nimechomeka kingine. Nguruwe anapiga kelele za njaa, mimi nimesimama na jiwe mkononi nagongelea mti ardhini kama mwehu.

Nilipoolewa hapa korongo hili lilikuwa njia ya ng'ombe wakishuka kunywa maji. Nilikuwa naliruka. Sasa ng'ombe akitumbukia huoni hata pembe. Shamba la chini la wifi yangu Skola limekwisha. Limebaki letu la maharage, banda la nguruwe, kisha nyumba. Mvua za mwaka huu hazina huruma. Naogopa, na sitaki kumwambia mtu kwamba naogopa.

Neema, bibi shamba wetu wa kata, amepita mchana na pikipiki yake. Anasema mradi wa hifadhi ya ardhi sasa ni kweli, si maneno. Nyavu za waya za kujaza mawe na kuziba korongo. Mbolea ya ruzuku. Mkopo nafuu kwa atakayetaka. Lakini hawampi mtu aliyekaa tu. Kwanza jina lako lisomeke kwenye mfumo. Pili barua ya kijiji kwamba shamba ni lako. Tatu, shambani kuwe na kinga maji ya majani yaliyo hai, yaliyoshika, yakikata mteremko.

Hilo la tatu ninalo! Mabingobingo yangu, mistari mitatu, niliyapanda mwaka juzi kwa mikono yangu hii. Watu walinicheka. Skola aliniuliza nawapandia ng'ombe wa nani. Leo yamenipita urefu.

Jumanne, 18 Februari

Kwa Mtendaji wa kijiji. Hayupo. Kaenda msibani. Nimemfuata huko huko. Nimelia kidogo kwa heshima ya marehemu, kisha nikamsogelea. Kaniambia, "Mama Deo, hata msibani?" Nikamjibu korongo halijui msiba.

Jioni kapitisha barua mwenyewe nyumbani. Muhuri upo, umepinda, lakini upo.

Baba Deo hataki kwenda mjini. Ofisi zinamtoa jasho. Akiulizwa jina lake nyuma ya dirisha la kioo anasahau. Mdomo wa nyumba hii ni mimi. Basi nitakwenda.

Alhamisi, 20 Februari

Sumbawanga. Baridi, matope, foleni.

Jina letu lipo kwenye mfumo, ila limefungwa na laini ya zamani ya Baba Deo. Ile simu iliyotumbukia mtoni. Ujumbe wa kuthibitisha unakwenda huko, kwa samaki. Kijana wa ofisini anasema mwenye jina aje mwenyewe, au nijisajili upya kwa jina langu na laini yangu. Laini yangu nayo ina jina la Deo, mtoto, yuko Mbeya. Ndiye aliyeninunulia. Kwa hiyo nikasajili laini kwanza.

Kwenye kibanda cha laini mashine imekataa vidole vyangu. "Futa mkono, mama." Nimefuta. "Bonyeza taratibu." Nimebonyeza taratibu. Imekataa kidole baada ya kidole. Vidole havina mistari, jembe limeimaliza yote. Watu nyuma yangu wanaguna. Nimejisikia kama mwizi.

Kidole kidogo cha kushoto ndicho kilichokubali. Nilitaka kukibusu.

Niliporudi ofisini mtandao umekata. Njoo kesho. Nimelala Kasense kwa dada yangu. Hasira zimenishibisha, chakula sijagusa.

Ijumaa, 21 Februari

Nimekuwa wa kwanza mlangoni. Mlinzi kanisalimia kama ndugu. Mtandao umerudi saa wanayotaka kwenda kunywa chai, nikawaambia hamtoki hapa. Wamecheka. Sikuwa natania.

Jina langu limesomeka. Restituta. Ujumbe umeingia kwenye simu yangu mwenyewe. Mkaguzi anakuja kijijini kwetu Alhamisi. Kijana kanikumbusha, "Kitu cha kwanza anachoangalia ni majani, mama. Hayo ndiyo kila kitu."

Nimempigia Baba Deo. Nyuma yake nasikia kelele za watu, nyimbo. Nikamuuliza kuna nini. Kasema, "Rudi tu. Kuna kitu nimekuandalia, utafurahi." Mwanaume huyu hajaniandalia kitu tangu ubatizo wa Deo. Nimekata simu natabasamu peke yangu stendi, mpaka mama muuza mihogo kaniuliza nimepata nini.

Jumamosi, 22 Februari

Mungu wangu.

Mungu wangu, mistari yote mitatu.

Nimeteremka kwenye bodaboda pale juu, penye njia panda, unapoanza kuona shamba letu. Nikadhani dereva kakosea njia. Shamba zima limejaa ntumba. Vilima vya udongo vya duara, vimepangwa vizuri, vimelainishwa, maharage yameshapandwa juu. Hakuna jani limesimama. Mabingobingo yangu yako chini ya udongo.

Baba Deo alikuwa amesimama mlangoni kavaa shati la Jumapili. Anangoja nifurahi.

Alikoroga pombe ya ulezi kimya kimya wiki nzima kwa Skola, mimi nikidhani anakwenda kumsalimia dada yake tu. Jana kaita watu kulima kwa pombe. Wakaja wengi. Wakakata majani, wakayalaza, wakayafukia. Ndivyo tunavyofanya hapa tangu babu zetu, majani yaoze ndani, udongo upate nguvu, mwakani uweke mahindi au ulezi. Majani marefu ndiyo mazuri zaidi. Na shamba gani hapa lilikuwa na majani marefu kama yangu?

Nimemwuliza, hivi una akili timamu? Nimempigia kelele mpaka jirani wakatoka. Nimemwambia maneno mengine siyaandiki. Yeye amevua shati la Jumapili akalikunja.

Simsemeshi. Sitamsemesha.

Jumapili, 23 Februari

Misa. Nje ya kanisa kila mtu ananipa mkono. Hongera Mama Deo, shamba limependeza. Hongera, yale majani yako yalikuwa mazito, tumeyafukia vizuri. Hongera kwa pombe, ulezi wenu mtamu. Ulezi wangu wa mbegu huo wanausifia. Nimewashukuru. Ningefanyaje? Wamenifanyia jambo jema kuliko yote wanayoyajua, na limeniua.

Nimefukua kilima kimoja jioni kwa mikono. Yamekatwa vipande, yana joto, yananuka kama zizi. Nimevifukia tena. Nikakaa chini pale pale matopeni nikalia kwa sauti. Hakuna aliyenisikia ila nguruwe.

Jumanne, 25 Februari

Mvua imepiga usiku kucha. Asubuhi kona ya banda inaning'inia hewani. Kigingi cha pili kimekwenda, na vilima kadhaa vya ukingoni na maharage yake.

Tumemhamisha nguruwe. Baba Deo kwa mbele, mimi nasukuma nyuma, hatusemezani, tunasema na nguruwe. "Twende mama." "Usiogope mama." Kila mmoja anamsemesha yeye. Sasa amelala jikoni kwangu, kajaa kona yote.

Skola amekuja kuona. Ameangalia banda, ameangalia korongo. Mwisho kaniita pembeni. "Wifi, usimlaumu kaka. Alikuwa nyumbani anachuja pombe. Mimi ndiye niliyewaambia watu wakate yale, ndiyo mazuri. Alipofika yalikuwa yamelala chini yote. Alishika kichwa. Halafu akaona watu wanaimba, akakosa mdomo wa kuwaambia."

Nimemtukana mtu, siku tatu nimemnunia, na yeye anameza, hamtaji dada yake. Hilo nalo limenitia hasira. Kwa nini hakusema? Lakini Baba Deo ndivyo alivyo, ukimsukuma anarudi nyuma tu mpaka afike ukutani.

Skola hakuondoka hivi hivi. Ana wazo. Kwake yamebaki mabingobingo machache kando ya choo. Tuyakate, tuchomeke kwenye mistari ile ile. Mkaguzi anatoka mjini, ataona majani yamesimama, atapita zake.

Nimemwambia nitafikiri. Sikufikiri. Nilikwenda kuchukua panga.

Jumatano, 26 Februari

Tumechomeka mstari wa juu wote, mimi na Skola. Kwa mbali unapendeza. Ukikaribia unaona majani yameshaanza kunyong'onyea. Baba Deo katutazama akiwa juu ya paa la banda anaondoa mabati. Naona aibu ikinipanda kuanzia miguuni, na bado nilikuwa nachomeka.

Alhamisi, 27 Februari

Wamekuja.

Mkaguzi ni mzee kidogo, viatu vya mpira, kofia, mpole. Neema alikuwa nyuma yake. Alipoona vilima badala ya majani alifungua mdomo, akaniangalia, akaufunga. Aliyasifia mashamba yangu kwa wakubwa zake huyu binti. Nimemwaibisha.

Mkaguzi katembea mpaka mstari wa juu. Kainama, kashika shina moja kwa vidole viwili, kalivuta. Likatoka lote, jeupe chini, halina hata unywele wa mzizi. Akalishika vile, ananitazama.

Ningetaka ardhi ipasuke, na ilivyo karibu kupasuka hapa kwangu si ajabu ingenisikia.

Nikamwambia yote. Pombe, watu, wifi, kuchomeka. Nilisema haraka haraka nisije nikanyamaza. Baba Deo alikuja akasimama kando yangu, kofia mkononi, akasema mbele ya mtu wa serikali, "Kosa ni langu, mheshimiwa. Mama alikuwa na majani mazuri."

Mkaguzi kacheka. Si kwa dharau. "Mzee, mimi kwetu Chala. Mama yangu angeyaona yale majani angeyafukia kabla hajasalimia watu." Kisha akaacha kucheka. Sheria ni sheria. Hawezi kuandika majani ambayo hayapo. Atarudi mwisho wa Machi kukagua mashamba yaliyokwama. Nafasi ikibaki, na majani yakiwa yameshika, ataliandika letu. Nafasi isipobaki, ni mwakani.

Mwakani. Nimemwonyesha banda. Kaliangalia muda mrefu. "Poleni sana," kasema, na nadhani alimaanisha.

Jumatatu, 3 Machi

Sijaandika. Sina hamu. Mvua, uji, mvua.

Neema anasema mbegu ya majani inapatikana mjini lakini kuna watu wengi wanaisubiri. Anapigwa kalenda na yeye, leo kesho, leo kesho. Kando ya choo cha Skola hakuna tena cha kukata.

Baba Deo anaamka kabla yangu. Sijui anakwenda wapi. Anarudi na matope magotini.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Padre kanipaka, mavumbi wewe. Nikawaza, mavumbi yangu mimi yako njiani kwenda Ziwa Rukwa.

Nimemsemesha Baba Deo leo. Nilimwomba chumvi. Alinipa kama ananipa sakramenti.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kung'oa magugu kwenye maharage. Kilima cha kwanza kina jani limetokeza ubavuni, la kijani, kali, limeviringika. Nikalikamata nilirushe. Halikutoka. Nikavuta kwa nguvu, likatoka na kipande cha bua na ndevu za mizizi, nyeupe, nyingi.

Nimeangalia kilima cha pili. Limo. Cha tatu, mawili. Nikasimama wima nikaangalia shamba zima. Kila kilima kinachungulia.

Mabingobingo! Nyasi zetu za kawaida ukizifukia zinaoza, kwisha habari. Haya ukiyakata vipande ukayafukia umeyapanda. Mimi mwenyewe niliyapanda hivyo hivyo mwaka juzi, vipande vya bua ardhini, na nimekaa wiki mbili nalia juu ya vilima bila kukumbuka. Jamani, huzuni inapumbaza.

Nilipiga yowe. Baba Deo katoka mbio akidhani nimetumbukia korongoni. Nikamwonyesha mizizi. Akaigusa kwa kidole kimoja, anaogopa asije akaiharibu na hii.

Jumatano, 12 Machi

Hesabu inagoma. Kutoa machipukizi yale bila kung'oa maharage, kuchimba mistari upya, kupanda, yote kabla mvua kubwa haijarudi. Watu wawili hatuwezi. Tunahitaji watu wale wale. Lakini kuita watu shambani bila pombe ni kujitangazia uchoyo, na ulezi wote waliunywa mwezi uliopita. Nimewaza kukopa ulezi. Nimewaza kuuza nguruwe.

Baba Deo kachukua fimbo yake akatoka. Nilidhani kakasirika. Karudi jioni, amepita nyumba moja moja. Yeye! Asiyeweza kutaja jina lake dirishani.

Nikamuuliza umewaahidi nini. "Hakuna kitu," kasema. "Kwaresma. Nusu yao wameacha pombe mpaka Pasaka. Nimewaambia waje kabla hawajaanza tena."

Nimecheka mpaka nikashika mbavu. Na yeye kacheka. Nimeona tena pengo la jino lake.

Jumamosi, 15 Machi

Wamekuja. Si wote, wengi. Hakuna pombe, hakuna nyimbo mwanzoni, watu wanaona haya. Skola kafika wa kwanza na jembe begani, katangaza kwa sauti, "Leo atakayefukia jani nitamfukia yeye." Basi wakacheka, kazi ikaanza.

Wengine wanachokonoa machipukizi kwa vidole, wengine wanachimba. Neema kavuta kamba ya kupimia mistari. Tumepanda mistari minne, wa nne karibu kabisa na ukingo, kipande kwa kipande, mizizi na udongo wake. Mchana nimewapa uji wa mahindi na viazi. Hakuna aliyenung'unika, au labda wamenung'unika njiani.

Usiku mgongo hauinuki. Nina furaha na nina hofu. Vitu viwili hivyo vinalala kitanda kimoja.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua kubwa jana. Asubuhi sikutaka kwenda kuangalia. Mistari mitatu imesimama. Ule wa nne umemomonyoka upande mmoja, maji yamekwenda na machipukizi kama kumi hivi. Baba Deo alikuwa ameshafika, anapanda mengine, amepiga magoti matopeni. Kumbe ndiko anakokwenda kila alfajiri. Ukingoni kuna kigingi cha tatu, yeye ndiye aliyekigongelea, sikujua.

Nikapiga magoti upande wa pili. Tukakutana katikati.

Alhamisi, 27 Machi

Nimeunguza uji.

Mkaguzi yule yule, viatu vile vile. Katembea mstari wa kwanza, wa pili. Wa tatu akainama. Kashika shina kwa vidole viwili. Kavuta.

Halikutoka.

Kavuta kwa mkono mzima. Limeinama, halikutoka. Kajipangusa udongo, kaandika. Nilikuwa nimeshika mkono wa Baba Deo na sikujua nimeushika lini. Watu wa hapa hawashikani mikono hadharani. Skola ameona, atanisema mpaka Krismasi.

Nafasi ilibaki. Mwenye shamba mmoja upande wa Mollo alikata majani yake akawapa ng'ombe. Nimefurahi, kisha nikamwonea huruma, kisha nikafurahi tena. Nyavu zitakuja mvua zikikatika, gari haliwezi kushuka sasa. Mbolea ya ruzuku nitaipata msimu ujao kwa jina langu. Mkopo nimekataa. Nina korongo moja, linatosha.

Mpaka nyavu zije ni majani tu kati yetu na maji. Mkaguzi kasema hivyo wazi. Aprili ikipita salama, mmepona.

Jumatano, 2 Aprili

Imenyesha tangu jana jioni mpaka karibu na mapambazuko. Ile ya kupiga bati mpaka huwezi kusikiana. Tumekaa macho, nguruwe anakoroma jikoni.

Kulipokucha nimebeba ndoo ya pumba, kwa mazoea tu, banda lenyewe halipo. Nimepita vilimani. Maji yamejikusanya nyuma ya kila mstari, yametulia, yanazama polepole. Kule chini korongo linanguruma kwa maji ya watu wengine.

Baba Deo alikuwa amechuchumaa ukingoni, mkono wake juu ya kigingi.

Kipo. Pale pale alipokigongelea.

Nimesimama nyuma yake. Alinisikia, hakugeuka. Akaonyesha mstari wa juu kwa kidevu. "Mama Deo, yale yameanza kuegemea maharage. Niyapunguze kidogo, au niyaache?"

Miaka yote hii hajawahi kuniuliza jambo la shamba. Nikajifanya naangalia maji.

Nimemwambia tunywe chai kwanza, tutakuja kuyaangalia wote. Akanyanyuka, akanipokea ndoo, tukapanda.